Ripoti ya dada yangu imeandikwa FOXL2. Je, binti zake wana haja ya kuogopa?

mdogo_mtu (Morogoro):

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba mwenye uelewa wa mambo ya jeni na saratani anisaidie, maana nyumbani kwetu hakukaliki.

Dada yangu mkubwa ana miaka 56. Hedhi ilikwishakoma, lakini mwaka jana akaanza kuona damu tena. Mama wakubwa wakamwambia amshukuru Mungu, ujana umemrudia. Mimi sikukubali, nikamleta mjini akapigwa utrasaundi. Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe, na ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa kuliko inavyotakiwa kwa mwanamke wa umri wake. Wakamfanyia upasuaji, wakatoa kizazi na ovari zote mbili. Uvimbe ulikuwa bado haujatoka nje ya ovari. Majibu ya patholojia yakasema ni uvimbe wa seli za granulosa, aina ya watu wazima. Kipande kikapelekwa India kuthibitishwa, na karatasi iliyorudi ina mstari huu: FOXL2 c.402C>G, p.Cys134Trp, imeonekana.

Huo mstari ndio uliotuvuruga. Dada ana mabinti wawili. Mkubwa ameposwa, nusu ya mahari imeshapokelewa, harusi ni baada ya Pasaka. Mtu mmoja wa ukoo akasikia neno jeni, habari ikafika upande wa pili kwamba kwa bibi harusi kuna kansa ya kurithi. Shangazi wa bwana harusi ameshamtuma mshenga aje kuuliza. Binti halali usiku. Na mimi nilipoingia mtandaoni kutafuta FOXL2 nikazidi kuchanganyikiwa: nikaikuta kwenye ugonjwa wa kope za macho, nikaikuta kwa wanawake wanaokosa uzazi mapema, nikaikuta kwenye kansa. Jeni moja inafanyaje mambo yote hayo? Hawa mabinti wapimwe damu? Watazaa?

Naombeni jibu la mtu anayejua. Ya kutisha tumeshapata ya kutosha.

kijana_wa_mjini:

Pole sana dada. Kansa ya ovari inarithiwa, hilo linajulikana, hata Angelina Jolie alitolewa ovari zake kwa sababu hiyo. Wapelekeni mabinti wakapimwe mapema, na harusi isubiri kidogo hadi majibu yatoke. Kinga ni bora kuliko tiba.

hadubini:

Dada mdogo_mtu, pole kwa kuuguza, na umefanya jambo kubwa kutomwacha mgonjwa akae na damu ile. Nianze na jibu lenyewe ili ulifikishe kwa binti usiku huuhuu: badiliko hilo la jeni halirithiwi. Dada yako hakuzaliwa nalo na hakuwapa watoto wake. Lilitokea ukubwani, ndani ya seli ya ovari, na likabaki kwenye uvimbe uliotolewa. Mabinti hawana cha kupimwa kwa ajili ya mstari huo, na harusi haina sababu ya kusogezwa.

Mimi nafanya kazi maabara ya patholojia. Kazi yangu ni kukata vinyama vilivyogandishwa kwenye nta, kuvipaka rangi na kuvipanga kwenye slaidi kabla daktari hajavisoma. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana naona swali lako la pili, la jeni moja kufanya mambo mengi, ndilo linalowaumiza vichwa, na likieleweka hilo hofu yote inakwisha.

Kwanza kijana_wa_mjini, usikasirike, umechanganya kansa mbili. Angelina Jolie ana badiliko la jeni nyingine, BRCA1. Hilo mtu anazaliwa nalo, limo katika kila seli ya mwili wake, na linahusiana na kansa zinazoanzia kwenye utando wa juu wa ovari na kwenye mirija ya uzazi. Hizo ndizo kansa za ovari zilizo nyingi. Uvimbe wa seli za granulosa ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya kansa za ovari, na unaanzia ndani, kwenye seli zinazolizunguka yai. Kama katika ukoo wa mdogo_mtu kuna wanawake kadhaa waliougua kansa ya matiti au ya ovari ya ile aina nyingine, hapo wana sababu ya kuuliza kuhusu BRCA. Karatasi hii ya India haiwapi sababu hiyo.

Sasa hizo seli za granulosa. Kila yai kwenye ovari limezungukwa nazo. Ndizo zinazolilea, na ndizo zinazotengeneza estrojeni, homoni ya kike, kwa sehemu kubwa. Zikigeuka kuwa uvimbe, mara nyingi haziachi kazi yake ya zamani: zinaendelea kumwaga estrojeni. Ndiyo maana dada yako aliona damu. Kizazi chake kilikuwa kinapokea estrojeni kwa umri ambao hakikupaswa kuipokea, ukuta ukanenepa, ukaanza kumeguka. Mwanamke yeyote anayesoma hapa, damu ikirudi baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali, usiambiwe ujana. Mara nyingi ni jambo dogo, lakini estrojeni ya namna hii inaweza kuleta hata kansa ya ukuta wa kizazi, na kwa baadhi ya wagonjwa zote mbili hukutwa pamoja.

Slaidi ya uvimbe huu ukishaiona haisahauliki. Viini vya seli vimepauka, vya mviringo mrefu, na kila kimoja kina mfereji katikati, kama buni. Mahali pengine seli zimejipanga duara kuzunguka tone dogo la majimaji ya rangi ya waridi, kana kwamba zimekosa yai na zinajaribu kulizunguka hivyohivyo. Maduara hayo yaliandikwa mwaka 1875 na Emma Call, daktari wa kike kutoka Marekani, pamoja na Sigmund Exner wa Vienna, na mpaka leo tunayaita kwa majina yao. Napenda kumtaja huyo mama kila nikipata nafasi, maana wanawake waliokuwa na shahada ya udaktari enzi zile walikuwa wa kuhesabu.

Tatizo ni kwamba si kila slaidi inajieleza vizuri hivyo, na uvimbe mwingine unaweza kufanana na huu. Hapo ndipo FOXL2 inapoingia. Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, walisoma jumbe za jeni zote zinazofanya kazi ndani ya uvimbe wa granulosa wa wagonjwa wanne. Wote wanne walikuwa na badiliko moja lilelile, herufi moja tu ya DNA. Wakaenda kwenye uvimbe mwingine 89 wa aina ya watu wazima, wakalikuta kwenye 86. Kwa kansa hilo ni jambo la kustaajabisha. Kansa nyingi kila mgonjwa ana vurugu yake, hii karibu kila mgonjwa ana herufi ileile mahali palepale. Aina ya watoto na vijana wadogo wa kike, ingawa nayo inaitwa granulosa, walilikuta kwa mmoja tu kati ya 10. Kwa hiyo ule mstari kwenye karatasi yenu ni muhuri kwamba daktari wa patholojia wa huku alisoma sawasawa. Hausemi lolote kuhusu ukoo.

Mstari wenyewe usomeke hivi: kwenye herufi ya 402 ya jeni, C imegeuka G. Kwa sababu hiyo, kwenye protini, nafasi ya 134, badala ya tofali liitwalo sisteini limekaa tofali jingine, triptofani.

Tuje kwenye kope na uzazi. FOXL2 iko kromosomu ya 3. Protini yake haijengi kitu yenyewe, inashika DNA na kuamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Mtoto akiwa tumboni, jeni hii inafanya kazi hasa mahali pawili: kwenye kope zinazoumbika na kwenye ovari. Mwili una desturi hiyo, jeni moja ya kutawala inatumika sehemu mbili au tatu zisizohusiana kabisa. Basi mtu akizaliwa na nakala moja ya FOXL2 iliyoharibika katika kila seli yake, utaona macho madogo yenye kope fupi zinazolegea, na kikunjo cha ngozi kinachopanda kutoka kope ya chini upande wa pua. Madaktari wanauita ugonjwa huo BPES, na jeni yake ilijulikana mwaka 2001. Umegawanywa sehemu mbili. Aina ya pili ni macho tu. Aina ya kwanza ni macho na, kwa wanawake, ovari zinazochoka mapema, hedhi ikakoma kabla ya miaka 40. Kwa panya wa maabara walioondolewa jeni hii, seli za granulosa zinabaki bapa na hazijai kama inavyotakiwa, mayai yanaanza kukua bila walezi, yanakufa.

Kwa hiyo mabinti hao uwaangalie usoni. Kama macho yao ni ya kawaida kama ya mama yao, habari ya BPES haiwahusu, na kuhusu kuzaa wako kama wasichana wengine.

Tofauti kubwa iko hapa: kwenye BPES protini imepungukiwa nguvu tangu mtu anazaliwa. Badiliko la kwenye uvimbe haliizimi protini, linaigeuza tabia, na linaigeuza kwenye seli ya granulosa peke yake, miaka mingi baada ya mtu kuzaliwa. Jeni ni ileile, ajali ni mbili tofauti.

Na kuna jambo moja ambalo mimi mpaka leo linanisisimua. Zamani tulifundishwa kwamba ovari ikishaumbika tumboni, basi, imekuwa ovari. Mwaka 2009 huohuo watafiti wa Heidelberg na London wakaizima Foxl2 kwa panya jike waliokwisha kukua. Seli za granulosa zikaanza kugeuka kuwa seli za korodani, zile zinazolea mbegu za kiume, na ovari zikaanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume, kwa kiwango cha dume. Yaani ovari ya mama mtu mzima inaendelea kulindwa isigeuke, na mlinzi ni jeni hii. Nikijua hivyo sishangai kwamba uvimbe wa seli hizi unaanzia hapahapa.

Mshenga mpe jibu fupi: uvimbe ulianza kwa mama, ukaishia kwa mama.

mbuzi_wa_maziwa (Mgeta):

Nilikuwa napita tu, ila FOXL2 imenisimamisha. Jina hilo nililisikia kwa mtaalamu wa mifugo, si hospitali.

Huku Mgeta, milima ya Uluguru, tunafuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway. Wako wanaozaliwa na pembe na wako wasio na pembe kabisa. Asiye na pembe kila mtu anampenda, hajeruhi mwenzake bandani, hahitaji kuchomwa chuma cha moto utotoni. Kwa hiyo watu walichagua beberu asiye na pembe na majike wasio na pembe. Matokeo yake wakazaliwa majike wa ajabu: shingo nene na kichwa kipana cha beberu, anawapanda wenzake, ukimwangalia nyuma kwenye ncha ya chini ya uke kuna kinundu kama njegere. Huntha. Hashiki mimba, hatoi maziwa, anakula majani bure. Wazee walisema ni laana ya banda.

Mtaalamu akatuambia kutokuwa na pembe na uhuntha ni kasoro moja ya urithi, iko karibu na jeni inayoitwa FOXL2. Kitoto kikipata nakala moja hakioti pembe na kinazaa vizuri. Jike likipata nakala mbili, huntha. Ukipandisha wawili wasio na pembe, kila mmoja akiwa na nakala moja, katika kila vitoto 8 mmoja atakuwa huntha kwa wastani. Dawa yake ni kwamba mmoja wa wazazi lazima awe na pembe. Na usidanganywe na mbuzi aliyechomwa pembe, huyo kwa urithi ana pembe. Kagua kitoto kikizaliwa, kiloweshe kichwa: mwenye pembe ana vizingo viwili vya nywele, kimoja kila upande, na ngozi pale imeshikana na fuvu. Asiye na pembe ngozi inateleza chini ya kidole.

Tangu tufuate hivyo banda langu halijapata huntha. Ila sikujua kama jeni hiyo wanayo na binadamu.

hadubini:

Mkuu, umeleta kitu cha thamani sana. Hiyo kasoro ilielezwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2001: kipande cha herufi kama 11,700 kimepotea kwenye kromosomu ya 1 ya mbuzi. Hakikupotea ndani ya FOXL2 yenyewe, kimepotea mbali kidogo, kwenye eneo linaloiamsha. Jeni nzima iko, lakini kwenye ovari haiamki.

Watu wakabishana, je, ni FOXL2 kweli au ni kitu kingine kilichoharibika humohumo? Mwaka 2014 Wafaransa haohao waliivunja FOXL2 peke yake kwa mbuzi jike wa kromosomu za XX. Akaumbika korodani, na akazaliwa bila kope. Mdogo_mtu, ona: kope na ovari, tena pamoja, kwa mbuzi. Kwa hiyo ulichokikuta mtandaoni hakikuwa mkanganyiko.

Na mbuzi wako si laana, mkuu. Waambie na majirani.

kope_za_tanga:

Naomba niseme na mimi, maana hadubini amenieleza mimi bila kunijua.

Nimezaliwa na macho hayo. Baba anayo, na babu alikuwa nayo. Shuleni nilikuwa nainua kidevu ili nione ubao, mwalimu akidhani nina kiburi, wengine wakiniita msinziaji. Nilifanyiwa upasuaji wa kope nikiwa mkubwa, naona vizuri sasa. Kwa sisi wanaume iliishia hapo, tumeoa, tumezaa. Dada yangu naye ana macho hayo, na kwake hedhi ilikata kabla hajafika miaka 30. Ameachika kwa kukosa mtoto, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba macho na tumbo ni jambo moja. Walimpeleka kwa waganga wakamtoza mbuzi na pesa.

Nina binti wa miaka 13, amechukua macho yangu. Nifanye nini kwa ajili yake?

hadubini:

Kaka yangu, pole kwa dada yako, limeniuma. Mnaonekana ni ukoo wa aina ya kwanza, na ndiyo maana imepita kwa baba na babu: wanawake wenye aina hiyo kwa kawaida hawapati watoto wa kuwarithisha. Kila mtoto wako alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, wa kike au wa kiume.

Binti mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake sasa, usingoje aolewe. Mwambie daktari kwa kinywa chako: macho haya ni BPES, na shangazi yake hedhi ilikoma mapema. Kuna vipimo vya damu vya homoni, FSH na AMH, vinavyoonyesha ovari iko katika hali gani. Akijua mapema anaweza kupanga, na hata ovari zikichoka, atahitaji estrojeni ya dawa kwa ajili ya mifupa na moyo wake. Dada yako naye akaulizie hiyo, bado inamhusu. Na muelezeeni binti kwa utaratibu, na awepo mwanamke anayempenda wakati anaelezwa.

mdogo_mtu:

Wanajamvi, Mungu awabariki. Nilimsomea binti jibu la hadubini usiku uleule, alilia kisha akalala. Mshenga amekuja jana, nimempa karatasi na maelezo, shangazi mtu ameomba radhi kwa simu. Macho ya mabinti wote ni makubwa kama ya bibi yao.

Limebaki moja. Dada mwenyewe amepona? Hospitali walisema arudi baada ya miezi, yeye anasema anajisikia vizuri na nauli ni ghali.

hadubini:

Arudi. Hapa sitalainisha maneno. Uvimbe uliokutwa bado uko ndani ya ovari una matumaini makubwa, na wengi hauwarudii kamwe. Lakini ukirudi, huu una tabia ya kuchelewa: miaka 5, 10, wakati mwingine zaidi ya 20. Mtu ameshasahau kabisa, anakwenda kwa maumivu ya tumbo, daktari mpya hajui historia. Kwa hiyo kufuatiliwa kwake ni kwa maisha yote, hata kama baadaye itakuwa mara moja kwa mwaka.

Mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha damu cha homoni iitwayo inhibini B. Seli za granulosa ndizo zinazoitoa, na dada yako sasa hana ovari, kwa hiyo inatakiwa iwe chini kabisa. Ikianza kupanda, ni dalili hata kabla utrasaundi haijaona kitu. AMH nayo inatumika hivyohivyo. Apime mara moja sasa, akiwa mzima, mpate namba ya kulinganishia.

Na kingine ambacho watu hawaambiwi: ile nyama yake iliyogandishwa kwenye nta, sisi tunaiita bloku, ni mali ya kutunzwa. Ulizeni iko wapi, kama imerudi kutoka India au la, na namba yake ya maabara iandikwe nyuma ya ile karatasi. Nakala moja akae nayo yeye, moja akae nayo binti mkubwa.

mdogo_mtu:

Nimeelewa. Nauli nitatuma mimi. Jumatatu naenda kuulizia bloku.